Daktari Widad na Jicho Lililobaki la Ndirangu

Saa tatu asubuhi, Alhamisi, Ndirangu hakuwa kwenye benchi. Daktari Widad Muhdhar alichungulia ukumbini mara mbili, na ya tatu akamuuliza muuguzi wake, Phoebe, kama kuna mtu amepiga simu.

"Hajapiga mtu, daktari. Seremala wa Gede huyo, pengine anamalizia kitanda cha watu."

"Akishika hata msumeno, nitamfunga kamba."

Phoebe alicheka. Widad hakucheka. Jumatatu alikuwa ameinama kwa saa mbili nzima juu ya jicho la kushoto la mtu huyo, akiirudisha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, uliokuwa umebanduka kama rangi kwenye ukuta uliolowa. Akaushikiza kwa kiputo cha gesi, akamwambia Ndirangu alale kifudifudi, ale na aombe Mungu wake kichwa kikiwa chini, ili kiputo kielee na kuusukuma utando mahali pake. Jicho la kulia lilikufa miaka miwili nyuma kwa ugonjwa huohuo. Hili ndilo lililobaki.

Widad ni mtu wa hofu, na hofu yenyewe aliirithi. Alizaliwa Malindi, katika nyumba ya watu wa Siyu. Babake, Mzee Muhdhar, aliendesha lori la barafu ya samaki kwenda Mombasa. Sukari ikamla macho polepole, naye hakumwambia mtu. Miezi saba aliendesha akiijua njia kwa matuta na kona zake, mpaka asubuhi moja akaingia na lori kwenye ukuta wa shule, kwa bahati siku ya mapumziko. Daktari aliyempima alisema neno moja tu: mmechelewa. Widad alikuwa kidato cha tatu. Akasomea udaktari, kisha macho, kisha akaenda Chennai, India, miaka miwili kwa ajili ya retina peke yake, akarudi Kilifi. Tangu hapo, mgonjwa asipotokea, hasikii kingine ila matofali ya ukuta ule yanayoanguka. "Mwanangu," mamake humwambia, "watu watapona, wewe utakwisha."

Saa tano Widad alipopiga kwa spika, simu ya Ndirangu ikapokelewa na mkewe, Easter. Nyuma yake kulikuwa na honi na muziki.

"Daktari, samahani. Mama mkwe amefariki, tunaenda kuzika. Tuko Mtito Andei, basi limesimama watu wale."

"Mnakwenda kuzika wapi?"

"Nyahururu."

Phoebe aligeuka na chupa mkononi. "Nyahururu? Kule si ni juu kuliko Nairobi? Nilifanya kazi kule, nilikuwa nalala na sweta mbili."

Widad akakiwaza kile kiputo. Gesi hufura mtu anapopanda juu; ikifura ndani ya jicho, hulibana hadi damu isipite. Ndiyo maana karatasi ya maagizo, aliyoinakili Chennai, mji wa pwani kama huu, ilionya kwa herufi kubwa: USIPANDE NDEGE. Ndirangu aliposomewa alisema, "Mimi na ndege wapi na wapi?" Wakacheka wote wawili. Widad, mtoto wa Malindi, hakukumbuka kwamba katika nchi hii kuna watu ambao kwao ni juu kiasi cha kuifurisha gesi kama ndege, na hufika kwa basi.

"Mpe simu."

"Nimeinama njia nzima, daktari," Ndirangu alisema kabla hajaulizwa. "Abiria wanadhani nimelewa."

"Jicho linauma?"

"Linabana kidogo."

"Shuka, ndugu yangu. Shuka hapo hapo. Kutoka hapo barabara inapanda tu. Jicho litazimika kabla hujafika kwenu."

"Ulisema ndege."

"Nilisema ndege. Nilikosa. Nilipaswa kukuuliza kwenu ni wapi, sikukuuliza."

"Mama anazikwa kesho saa nane. Mimi ndiye kifungua mimba. Ndugu zangu hawatatupa udongo kabla yangu. Watasimama pale wakiningoja, unaelewa?"

"Naelewa."

"Hakuna dawa ya kumeza?"

"Ya kuutosha mlima ule, hakuna."

Honi ikalia. "Mnapanda ama mnabaki?" utingo alifoka.

"Ngoja, huyu ni mgonjwa!" Easter akasema.

"Mgonjwa ama mlevi? Gari inaenda, mama!"

Simu ikakatika. Widad alipopiga tena haikupatikana.

Aliendelea na kazi, akiwatazama wagonjwa wengine macho, huku akili yake imo barabarani. Sasa Kibwezi. Sasa Emali. Sasa Sultan Hamud. Kila jina lilikuwa ngazi, na kwa kila ngazi akaiona gesi ikitanuka.

Saa nane Easter akapiga. "Tuko Voi. Tumepata lori la vitunguu linaloshuka Mombasa."

"Jicho?"

"Hajasema neno tangu tushuke."

Kesho yake Ndirangu alilala wodini kifudifudi, simu sakafuni chini ya uso wake. Dadake, kule Nyahururu, alikuwa ameishika yake karibu na kaburi. Ulisikika upepo, kisha wimbo, kisha sauti ya mwanamume ikiuliza jambo kwa Kikuyu. Widad, aliyekuja na kipimo chake cha presha ya jicho, alisimama mlangoni.

Ndirangu alijibu kwa maneno mawili, akayarudia kwa sauti zaidi.

"Amewaambia waanze," Easter alinong'ona.

Udongo ukaanza kuanguka juu ya mbao. Yeye seremala aliisikiliza mbao ile, bila kusogea, mpaka mlio ukawa wa udongo juu ya udongo.

"Njoo upime," alisema.

Akainua uso kidogo. Presha ilikuwa juu, si juu ya kutisha. Widad alipima mara ya pili, kisha akatia matone.

"Litaona?"

"Bado sijui. Nipe wiki mbili."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

Ndirangu akarudisha uso chini. Simuni walikuwa bado wanafukia. "Basi kaa kidogo," alisema, na daktari akakaa sakafuni, kando ya simu.