Kitufe Kilichoandikwa Mungoje

Mdomo wangu hauna subira. Nauza vitambaa mtaa wa Quartier Asiatique, hapa Buja, na mteja akiingia akasema "Natafuta…", mimi nimeshateremsha jora la pili. Dukani tabia hii inalisha watoto. Kwa rafiki mwenye kigugumizi ni balaa, na mimi nilikuwa na rafiki mwenye kigugumizi tangu madrasa.

Tulikuwa wanawake watatu. Yeye ni mshonaji, na mikono kama yake sijaiona kwa mwingine. Wa pili anafundisha kompyuta kwenye shule moja ya sekondari na anakaa Kibenga. Wa tatu ni mimi. Mshonaji alipohamia Lubumbashi kumfuata mumewe, tukaapa kwamba kila Jumapili baada ya alasiri tutaongea kwa sauti, si kuandikiana tu. Kazi nayo ilikuwepo: anachora patroni za abaya kwenye tableti, yaani ramani ya kukatia nguo, na mimi nazitafutia kitambaa. Kwa hiyo ilibidi nione anachokichora huku anakichora.

Programu tuliyoanza nayo ilikuwa ikikata mazungumzo muda wa bure ukiisha. Na kwa kuwa sisi wawili tulikuwa tunatangulia kusema, muda uliisha kila mara yeye akianza. Baada ya wiki kadhaa akawa haongei tena. Alituma kidole gumba, basi.

"Tuhamie kwenye programu huria," mwalimu akasema.

Nilijua soko huria. Nikamuuliza hiyo programu ni bei gani.

"Apana, sha, si mambo ya bei. Wengine wanakupa gauni tu. Hawa wanakupa gauni na patroni yake. Ukitaka mikono mirefu, unakata mwenyewe."

Hapo nikaelewa, tukaanza kujaribu. Ya kwanza ilikuwa ya sauti peke yake, nyepesi, hata mtandao ukiwa mgonjwa watu wanasikilizana. Lakini haionyeshi skrini, na abaya haisimuliwi. Ya pili ilitaka kila mtu afungue akaunti na neno la siri. Langu nililisahau mara mbili, mara ya tatu nikaitukana simu. Ya tatu ilikuwa kiungo tu: unabonyeza, umeingia, hakuna wa kukuuliza namba wala wa kukufukuza. Mwalimu akaiweka kwenye seva anayoitumia kwa masomo yake, tukasema ndiyo hii.

Jumapili ya kwanza humo nilitaka kuwaonyesha picha ya hariri iliyoingia dukani. Badala ya kuonyesha picha, nikaonyesha skrini yangu nzima. Juu kabisa kulikuwa na ujumbe niliomwandikia mwalimu muda mfupi kabla: "Huyu akianza, mega zetu za intaneti zitakwisha."

Kisha jina la mshonaji likatoweka kwenye orodha.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimpigia, hakupokea. Nikamwandikia kuomba radhi, bila mzaha na bila kisingizio. Mwalimu huwa ananitetea kwa watu, anasema mwenye kelele hana neno. Safari hii hakunitetea. Siku mbili nilipima vitambaa vibaya, nikiogopa kwamba urafiki wa tangu utotoni nimeuua kwa sentensi moja.

Siku ya tatu akajibu. Radhi ameipokea, ila kwenye mazungumzo harudi. Nikamwandikia kwamba hii programu ina kitufe cha kuinua mkono: akikibonyeza, sisi tunamwachia nafasi. Jibu lake silisahau.

"Kuinua mukono ni mambo ya shule. Kule nilinyamaza miaka yote sababu ya huo mukono. Mi si mwanafunzi wenu."

Nilimpelekea mwalimu maneno hayo nikijua atasema hakuna la kufanya. Yeye akaniuliza, "Anataka hicho kitufe kiandikwe nini?"

Nilidhani ananitania. Akafungua kompyuta, akanionyesha faili refu lenye maneno yote ya programu, kila kitufe na jina lake, na hakuna aliyelifungia kufuli. Ndiyo patroni aliyokuwa akiniambia. Tukamuuliza mshonaji. Akafikiri siku nzima, kisha akatuma neno moja: Mungoje.

Nililipenda lile neno. Kwa Kiswahili chetu cha Buja linatuambia sisi wote tungoje, na ukilisoma tena linasema mngoje yeye. Mwalimu akalibandika mahali pa kuinua mkono, na akaongeza jambo moja: mtu akibonyeza hapo, vipaza sauti vya wengine vinafungwa. Kazi hiyo ilimmalizia Jumamosi yake yote, maana umeme ulikatika mara mbili.

Jumapili mshonaji akaingia. Hakutoa hata salamu. Sisi wawili tukaongea ya kwetu, foleni za mafuta, mvua iliyojaza maji Buterere mpaka mpunga hauonekani. Nikiwa katikati ya sentensi, skrini ikaandika Mungoje na sauti yangu ikakatika. Kipaza ningeweza kukifungua mwenyewe, na wallahi mkono ulikuwa unawasha. Nikaukalia.

Alichukua muda. Maneno yalimkwama, akarudi nyuma, akaanza upya. Zamani ningekuwa nimeshamsaidia mara tano.

"Pale dukani kwako," akasema mwishowe, "kila jioni nikianza kusema mi na… mi na…, we unanimalizia: unarudi, haya, usalimie nyumbani. Na mi narudi. Miaka yote." Akakwama tena, tukangoja. "Nilikuwa nataka kusema nabaki."

Nililia, sioni haja ya kuficha. Jioni ngapi nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikimbebesha salamu na kujiona mtu mwema! Utetezi ulinijia mdomoni, mwingi kama kawaida yangu, nikaumeza.

"Leo nabaki," akasema.

Akabaki hadi adhana ya magharibi, na sikummalizia hata sentensi moja.