Gari Lenye Nthoni

Mwanangu, jana nilikuona ukikwaruza tinti ya kioo cha gari lako kwa wembe, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, nikarudi ndani. Nilikumbuka siku moja ya miaka ya themanini, nilipokuwa kijana wa Matiliku mwenye wembe kama huo mkononi, moyo ukanizuia kukuita. Leo nimepata nguvu. Keti basi. Hiyo tinti haitakimbia.

Nilikuwa nimenunua gari kuukuu, pijo, kwa Mzee Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini. Vioo vya nyuma vyote, vya pembeni na kile kikubwa, vilikuwa vimebandikwa karatasi nyeusi ya tinti. Aliponipa ufunguo aligonga kioo kwa kidole, akacheka. "Hii ni buibui ya gari, kijana. Mama watoto ndiye aliitaka. Usiivue ovyo." Nami nikacheka kwa adabu tu, kama mtu anavyocheka mzaha asiouelewa.

Baada ya muda jua letu la Ukambani liliigeuza ile karatasi ikawa rangi ya zambarau, ikafura mapovu kama ngozi ya chura. Vijana wa sokoni wakapata la kusema.

"Gari la maiti hilo! Leo unazika nani?"

"Wacha wewe, hilo ni la wachawi. Si unaona hawataki jua?"

Nilicheka nao. Lakini kicheko cha mwenye kuchekwa, mwanangu, huishia kooni.

Sasa, nyinyi siku hizi mnakumbatiana na mama mkwe na kupigwa picha pamoja. Siwalaumu, kila zama na watu wake. Sisi tulikuwa na nthoni. Nikikutana na mama mkwe wangu njiani, niliacha njia nikatazama vichakani mpaka apite, naye akafanya vivyo hivyo. Maneno yetu yalipita kwa mke wangu, Mwende. Haikuwa chuki. Ilikuwa ndiyo njia yetu ya kupendana.

Mama huyo aliishi Zombe, na macho yake yalikuwa yamepatwa na ile presha inayokula nuru polepole. Nilimpeleka Kitui mjini kwa pijo langu. Alikaa nyuma, ndani ya giza la tinti, Mwende akakaa mbele nami, na kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma nikakielekeza kwenye paa. Tulipita katikati ya soko na hakuna aliyejua nimembeba nani. Hospitalini walisema arudi siku daktari wa macho atakapokuja, na asikose, kwa maana daktari huyo huja kwa nadra na jicho la kushoto halingengoja.

Tulipomrudisha, Mwende aliniambia, "Mama amesema gari lako lina nthoni." Kisha akaenda kuteka maji.

Unajua Kikamba chetu. Nthoni ni aibu, na nthoni ni heshima. Neno ni moja, anayesikia ndiye anayechagua. Mimi, masikio yakiwa yamejaa kejeli za Matiliku, nilisikia aibu. Nikajiambia, hata mkwe wangu anaona haya kubebwa na gari hili bovu! Ningemuuliza Mwende, "Nthoni gani?" Ni maneno mawili tu. Sikuuliza. Kiburi cha kijana hukaa ulimini, huufunga.

Siku ya daktari ilipokaribia, Mwende alitangulia Zombe kumtayarisha mama yake. Nami nikabaki na wembe. Nataka nimfurahishe mkwe wangu, nilijiambia. Nilianza na kioo kikubwa cha nyuma, nikikwaruza kwa nguvu. Karatasi ikatoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu, gundi ikabaki, vumbi likanasa kwenye gundi, na ile mistari myembamba inayopasha kioo joto kisishike ukungu nikaikata yote bila kujua kazi yake. Nilichoka, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, jua lilikuwa limechemsha vile vioo vya pembeni. Nikashika pembe moja ya karatasi, nikavuta taratibu, ikaja nzima kama ngozi ya mbuzi aliyechunwa na fundi. Gundi nikaiosha kwa maji moto na sabuni. Ilipofika jioni vioo vya pembeni viling'aa, nami nilizunguka gari langu nikijisifu.

Niliondoka alfajiri. Nilipofika Zombe ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa watu na mbuzi. Nilisimamisha gari mbele ya boma, na Mwende akatoka akiwa amemshika mama yake mkono. Mama aliona kidogo, lakini aliona. Mwangaza ulipita gari upande hadi upande. Akasimama, akageuzia uso zizi la mbuzi.

"Mwende, muulize mwenye gari, nguo ya gari iko wapi?"

"Mama, ameliosha tu..."

"Nilisema lina nthoni. Leo liko uchi."

Mwende akanigeukia. "Baba Mutua, umefanya nini?"

"Nimeondoa ile aibu," nikasema.

"Aibu gani?"

Hapo ndipo neno lilinigeukia kichwani, mwanangu, kama shuka iliyovaliwa nje ndani. Mama alikuwa amelisifu gari langu. Lilikuwa limemtunzia heshima, na mimi nimeivua kwa mikono yangu.

"Mwambie Mama tutatundika leso madirishani," nilisema nikitazama chini.

"Mwambie mkwe wangu leso hupeperuka. Soko zima liko barabarani. Watamwona mama wa watu amekaa mgongoni mwa mkwewe kama gunia la makaa."

"Mama, hata kanisani si mnakaa nyumba moja?" Mwende akamsihi.

"Kanisani kuna upande wa wanawake, na tuna mlango wetu." Kisha sauti yake ikalainika. "Mwambie ahsante kwa safari ndefu. Mpe uji. Mimi nitapanda basi."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Hapakuwa na mtu mwingine pale wa kuendesha, na basi la asubuhi lilikuwa limekwenda. Walingoja la mchana. Nami nililifuata nyuma, nikila vumbi lake, mpaka lilipozama katika mchanga wa mto mkavu. Abiria wakashuka kusukuma, ila wagonjwa. Nikasukuma nao, uso nikiuficha, bega langu kwenye bati na mama mkwe wangu upande wa pili wa bati hilo. Gari langu lilikuwa tupu kando ya mto, viti vyote wazi.

Tulipofika hospitalini, daktari alikuwa ameondoka.

Aliporudi tena mvua zilikuwa zimenyesha na kupita. Safari hiyo Mama alilala mjini kwa dada yake akimngoja. Jicho la kulia likaokolewa. La kushoto likazimika, na halikuwaka tena mpaka alipotuacha. Nilimtuma Mwende na mbuzi wa kuomba msamaha. Mama alimpokea, akatuma jibu ambalo sijalisahau: "Mwambie asilie. Mkwe hutazamwa kwa mbali. Kwa hilo jicho moja linatosha."

Mwende alicheka aliponiambia, kisha tukalia wote wawili.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, nami nimezeeka na huyo mjukuu magotini. Basi sikia. Kwa mikono yako: weka wembe chini, hasa kwenye kioo cha nyuma, maana ukiikata ile mistari, asubuhi za baridi vilimani utarudi nyuma kama kipofu. Lianike gari juani, anza pembeni, vuta polepole, gundi uioshe kwa maji moto na sabuni. Hilo ni jepesi, hata jua lilinifundisha.

Lakini kwa moyo wako: jambo usilolijua ni kama usiku wa giza. Ukikuta kitu cha zamani kimechakaa, kimefura mapovu, kinachekwa na wapita njia, usikibandue kabla hujauliza kinamfunika nani. Kikishajulikana, kitoe kama kinafaa kutolewa, uweke kingine mahali pake. Na neno la mzee likikufikia lina sura mbili, usichague ile inayouma ukanyamaza nayo. Rudi uulize. Kuuliza si ujinga, na mimi ningetoa mashamba yangu yote leo nipate kuuliza maneno yale mawili.

Mkeo hunyonyesha mtoto kwenye kiti kile cha nyuma. Nenda kwanza ukaseme naye. Mungu akupe macho mawili hadi uzeeni, akupe ulimi usioona haya kuuliza, na gari lako lisikose nthoni, ile nzuri.