Kidonda cha Dani

Sisi tuliopitisha likizo zetu Ahero miaka ya themanini, tukifukuza ndege kwenye mpunga kwa makopo na makelele, tunajua kwamba mtu mzima wa wakati ule hakuugua ovyo ovyo. Kijana wa leo akipiga chafya mara mbili huuliza simu yake kama atafika jioni. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na utaratibu wake. Homa ilianzia dukani, kwa vidonge na soda ya moto. Isipotii, tulitumwa majani ya mwarobaini, yakachemshwa hadi nyumba nzima ikanuka uchungu. Ikizidi kiburi, akina mama wa kanisa walikuja na kanzu nyeupe na ngoma, wakaomba mpaka kuku wakahama ua. Hospitali ilikuwa mwisho kabisa. "Huko watu wanaenda na miguu, wanarudi na sanduku," Dani alisema, nasi tukacheka.

Nilimpenda sana. Alinukia moshi na samli, na kila nilipofika nilikuta kichwa cha samaki amenifichia chini ya bakuli, binamu zangu wasikione. Alipalilia mpunga peku, matope yakimfika magotini. Siku moja kijiti kikamchoma kidole cha mguu. Akapaka majivu, akaendelea na kazi.

Kidonda kilikataa kufunga. Likizo ikaisha, tukarudi kwetu Kisumu mjini, na likizo iliyofuata tukakikuta palepale, kimepanuka. Dani alikuwa amekonda, akinywa maji kama aliyekula chumvi, na mahali alipomwaga beseni lake la mkojo asubuhi sisimizi walijaa. Sisi watoto tulichuchumaa kuwatazama kama sinema. Leo hata mtoto wa shule angesema huo ni ugonjwa wa sukari. Wazee wetu waliona jambo lingine. Baba alikuwa amejenga nyumba ya mabati pale kwenye boma kabla ya ndugu yake mkubwa, aliyefanya kazi Mombasa, kujenga yake. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Mwiko huo ukivunjwa huleta chira, na chira humkondesha mtu mpaka aishe.

Baba alitaka hospitali. Namwona bado, amesimama mlangoni na funguo za gari la kuazima.

"Mama, gari iko. Twende Kisumu leo."

"Daktari atajua nani alijenga kwanza?" Dani akamuuliza. "Ita ndugu yako. Tukimaliza ya nyumbani, hiyo hospitali yako nitaenda."

Baba angefanyaje? Angemburuta mama yake mzazi hadi garini? Na kama angefia njiani, nani angemwambia kwamba si nyumba yake iliyomuua? Akaenda posta kupiga simu Mombasa, tukaanza kumngoja Baba Mkubwa apewe ruhusa kazini.

Alifika mpunga ukiwa umeshavunwa. Kibanda chake cha udongo na nyasi kikasimama, wazee wakachemsha dawa ya mizizi, familia yote ikanywa. Siku hiyo Dani alikula vizuri, akaimba, akanishika mkono tucheze akiwa ameketi. Ilikuwa siku ya raha, na mpaka leo raha ile inaniuma.

Lakini vidole vya mguu wake vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Tulipomfikisha hospitalini hatimaye, walimkata mguu, lakini sumu ilikuwa imepanda. Daktari alimuuliza baba swali moja tu, "Mlikuwa wapi?" Dani akarudi na sanduku, kama alivyosema mwenyewe. Kutoka hapo baba hakulala tena katika nyumba ile ya mabati. Kila Krismasi alitandika mkeka katika kibanda cha Baba Mkubwa, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Siwacheki wazee wale. Walimpenda Dani, wakamhangaikia kwa kila walichokijua. Najuta tu kwamba katika foleni ile yote, duka, mwarobaini, ngoma na ndugu wa Mombasa, hospitali ndiyo iliyowekwa nyuma.

Sasa mimi ndiye dani, na sukari ninayo. Siku hizi kliniki zimejaa kila kona, ila ua uliojaa watu wa kukuuguza haupo tena. Wanangu wako Nairobi, wananijulia hali kwa simu. Juzi kiatu kilinichubua kidole. Sikungoja hata chai. Nilikwenda kliniki asubuhi hiyohiyo, peke yangu, nikavua soksi mbele ya daktari mdogo kama mjukuu wangu.

Akainama, akatazama, akatabasamu. "Mama, ni hii tu imekuleta?"

"Ni hii tu, daktari."

"Lakini hii ni kidogo sana."

Machozi yakanitoka, naye akadhani amenigusa vibaya, akaomba msamaha. Sikuweza kumweleza. Kidonda cha Dani nacho kilianza kidogo hivyohivyo.