Nilivyomwaga Joto la Baba Mkwe

Ngoja niseme mwenyewe kabla wifi zangu hawajawaletea habari hii na chumvi yao: mimi, fundi wa viyoyozi niliyejifunzia kazi Dar na kuifanya miaka minane, niliua kiyoyozi kisicho na ugonjwa wowote, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima wa mume wangu na wanakwaya juu yake.

Ilikuwa nyumbani kwa wakwe, Ikuti, huko milimani Mbeya, mwezi wa saba, ile baridi ya ukungu na manyunyu ambayo nguo haikauki siku tatu. Baba mkwe alikuwa ametoka hospitali, kifua kilimsumbua, daktari kamkataza moshi na baridi, kwa hiyo watoto wake walichanga wakamfungia kiyoyozi chumbani (ndiyo, Ikuti, msinicheke bado). Siku hiyo watu walikuja kwa ibada ya shukrani. Na niseme ukweli, niliisubiri kwa hamu, maana miaka miwili niko kwenye ukoo ule na kila nikitaja ufundi wangu naulizwa kama kupika najua.

Basi Mama mkwe akaniambia ile mashine ya Baba inasimama dakika kadhaa, halafu kile kisanduku cha nje kinatoa moshi, hebu nikiangalie. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Fundi mwingine angeingia chumbani kwanza, ashike rimoti, aangalie chujio. Lakini chumbani yumo Baba, na kwa Wanyakyusa wa makamo yake mke wa mtoto haonani na baba mkwe, hamsemeshi, akimwona anakuja anakata kona. Ningeweza kumtuma mume wangu, Lusajo, akamuulize, kazi ya dakika mbili. Nikaona nitaonekana sijui kitu. Nikabeba mkoba wangu wa vifaa, nikaegemeza ngazi ukutani huko nje.

Kisanduku kimeganda barafu mpaka kwenye bomba. Kwa Dar, ukiona barafu, ama chujio limejaa vumbi ama gesi imepungua, basi. Nikawatangazia kina mama waliokuwa wakimenya ndizi kwamba gesi imepungua (na kidole nimekiinua, kama mwalimu). Nikafunga geji ya kupimia nguvu ya gesi, mshale ukapanda juu kupita kiasi. Mwenye akili angeshuka ajiulize. Mimi nikabadilisha maneno tu, nikasema kumbe aliyefunga alijaza gesi nyingi mno, nikaanza kuitoa, fyuuu, wifi mmoja akasema kumbe kweli anajua huyu, na mimi kusikia hivyo nikazidi kuitoa.

Haukupita muda mlango ukafunguliwa, Baba akatoka amejifunika blanketi. Kumwona tu nikaruka kutoka kwenye ngazi kwenda kujificha nyuma ya migomba, mpira wa geji ukaninasa mguuni, mkoba wa vifaa ukaangukia beseni la ndizi zilizomenywa. Nikiwa kwenye matope, mgongo nimewapa wote, nikamsikia akimwambia mkewe taratibu:

"Mwambieni fundi nimeiweka kwenye alama ya jua. Ilikuwa inanipa joto. Sasa inapuliza baridi."

Nilitamani ardhi inimeze. Kiyoyozi kikiwekwa kwenye joto kazi inageuka, baridi inatolewa nje, kwa hiyo kisanduku cha nje kuganda ni kawaida yake, na kikizidi kuganda mashine inasimama yenyewe iyeyushe ile barafu, na huo "moshi" ni mvuke tu. Hata geji lazima isome juu. Yote hayo nilifundishwa, ila Dar nani anahitaji kupashwa joto?

Ibada iliendelea. Baba akahamishiwa jikoni kwenye moto wa kuni, maana hapakuwa na joto pengine, na akiwa jikoni mimi siingii, nikala ubwabwa wangu barazani, manyunyu yananipiga miguuni, namsikia anakohoa kwa ule moshi aliokatazwa. Aibu niliisahau kabisa. Niliogopa.

Kesho yake asubuhi Lusajo akaleta gesi kutoka Mbeya, nikatoa ile iliyobaki, nikanyonya hewa yote kwenye mabomba, nikapima mpya kwa mizani kama kibao cha mashine kinavyoelekeza. Nilipomaliza nikasimama nje ya dirisha, mgongo nimeugeuza, nikamwomba Mama amuulize Baba anataka alama ipi, halafu baada ya nusu saa nikamwomba tena amuulize kama joto limefika na kama kuna lolote lingine linalomsumbua. Mama akaingia, akakaa kidogo, akatoka anajizuia kucheka.

"Anasema limefika. Anasema leo ndiyo fundi amekuja."

Nikacheka na machozi yananitoka. Tangu hapo silegezi hata skrubu moja kabla sijamsikia mwenye chumba, hata kama swali langu litapita kwa watu watatu ndipo limfikie.