Kiuno Kilitoka kwa Lungo

Mwalimu wa dansi alinitoa mstarini kwa sikio, mbele ya mtaa wote wa Nyamianda. «Weye iko unakanyaga kama mchunga ng'ombe. Rudi kwenu Luberizi.»

Leo binti yangu anajifunza regeton kando ya mashini ya mchele, na harufu ya pumba imenirudisha siku zile.

Kwetu Luberizi tulicheza mikono juu kama pembe za ng'ombe. Kiuno sikukijua. Mama mkubwa, niliyekaa kwake Nyamianda, akanipa lungo la kupepetea mchele: «Pepeta, mwana. Kiuno kitafuata.» Kikafuata.

Siku ya fete, sherehe ya mtaa, nilicheza hadi wamama wote wakasimama wakipiga vigelegele. Mwalimu akashika mikro: «Huyu ni miye nilimufundisha.»

Mama mkubwa alisimama palepale kati ya wamama, pumba kwenye nywele. Mwalimu, hata leo ungali hapa Uvira. Nani alinifundisha? Ujibu.