Picha ya Bi Tatu Akicheka

Jamani, mie nikisikia mtu anasema "weka tu, kwani nani ataiona?" tumbo linanikata papo hapo, na wenzangu wakiniuliza una nini nawaambia ni vidonda vya tumbo. Siyo vidonda. Ni aibu, na nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu maneno hayo niliyasema mie, kwa mdomo wangu huu, akili timamu, tena siku hiyo nimevaa nimependeza.

Miaka ile ya tisini inakwenda ukingoni nilikuwa na kistudio changu Mbagala, chumba kimoja cha kupanga, pazia la bluu, stuli moja, na ua la plastiki ambalo kila mteja lazima alishike (sijui nani alituambia binadamu hapendezi mpaka ashike ua). Mie mtu wa Masasi, Mkristo, nilikuja mjini kwa kaka yangu, na ukimtoa yeye sikuwa na ndugu Mbagala nzima. Aliyenifanya nikawa mtu ni Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa somo. Kuanzia Mbagala mpaka Temeke huko, mtu akiwa na mwali wa kuozesha anamfuata yeye, akae na binti ndani, amfunde, amsinge kwa liwa na manjano, amtoe siku ya harusi anang'aa. Na shughuli za ndani kule mwanaume hatii mguu, sasa picha apige nani, maana wapiga picha wote wa barabara ile walikuwa wanaume watupu? Ndiyo siku moja Bi Tatu akanishika mkono akaniingiza uani kwa watu, wanawake wakaanza kugunaguna, huyu wa wapi huyu, yeye akasema, "Huyu mwanangu. Akiona yeye, nimeona mie." Wakanipisha.

Masharti yalikuwa machache na sikuhitaji kuandikiwa. Wakianza kumfunda mwali naweka kamera chini, natoka. Nikishasafisha picha nazitia kwenye bahasha pamoja na negativu zake zote, nampa mama wa mwali mkononi, sibaki na kitu. Hata pale mlangoni studio, nilipokuwaga nabandika picha kali za kuvutia wateja, hukuti picha ya ndani hata moja. Miaka minne nilikwenda hivyo, na sikukosea.

Kilichoniponza ni kutaka kujua zaidi. Nilisikia kuna mama wa Kizungu anafundisha kupiga picha mjini, kila Jumamosi asubuhi, nikajiandikisha. Tulikuwa tisa, mwanamke peke yangu. Tulimwita Madam, na Madam alikuwa na ugonjwa mmoja, hapendi watu waliojipanga. Nikampelekea picha zangu za studio, mtu kasimama wima na ua lake, Madam akaangalia, akaangalia, akasema, "Anjela, umepiga nguo. Mtu mwenyewe yuko wapi?"

Iliniuma hiyo! Nikarudi Mbagala nawaka, nimepewa mkanda wa picha nyeusi na nyeupe na kamera ya kuazima, nimeambiwa nilete picha moja tu ya mtu akiwa mwenyewe.

Wiki ile kulikuwa na mwali mtaa wa pili. Nikaenda na kamera zote mbili, yangu ya kazi na ile ya Madam. Bi Tatu yuko chini kwenye mkeka anasaga manjano, kajifunga khanga kifuani, mabega wazi, kichwa wazi, nywele kasuka twende kilioni, mvi zimejaa (ni ndani, wanawake watupu, nani ajifunike kwa nani?). Nikachukua ile ya Madam. Nikarudi nyuma kidogo aenee, nikarudi tena, nikarudi tena kidogo tu, nikakaa ndani ya beseni la singo. Zima zima. Liwa, manjano, marashi, vyote viko kwenye sketi yangu, mama wa mwali anapiga kelele "singo yangu!", na Bi Tatu akacheka. Alicheka kichwa kikaenda nyuma, pengo la jino linaonekana, mikono yote ya njano iko hewani. Mie niko mle mle kwenye beseni, nikabonyeza.

"Wewe Anje!" akasema, machozi yanamtoka. "Uzee wote huu unaupiga wa nini?"

Nikamwambia, "Wa kwangu mwenyewe mama, nikujue." Na wakati ule nilikuwa sisemi uongo.

Jumamosi Madam akaiona ile picha. Akaiweka mezani, akavua miwani, akavaa tena, akawaita wale wanaume wanane waje waone. Nyie, hamjui kusifiwa mbele ya watu kunavyomfanya mtu awe mjinga. Nilihisi nimekuwa mrefu. Ndipo akasema ana ukurasa wa darasa letu kwenye intaneti, anaziweka picha bora, je naruhusu?

Hapo ndipo ningesema hapana. Lakini mie intaneti nilikuwa naijua kwa jina tu. Nilijua iko Ulaya. Kichwani mwangu ilikuwa kama kabati kubwa hivi huko kwao, Wazungu wanafungua, wanaangalia, wanafunga. Mbagala simu yenyewe ya mezani ukitaka kuiona mpaka umjue mwenye nyumba. Nikasema, "Weka tu Madam. Kwani nani ataiona?"

Akauliza niandike nini chini yake. Na mie kwa kiherehere changu, wala sikuombwa mengi, nikamtajia yote kwa mpangilio: Bi Tatu, somo, Mbagala, Dar es Salaam. Nikamsaidia na herufi asikosee.

Miezi miwili ikapita. Ikaja shughuli nyingine, Kizuiani, saa nne asubuhi, uani pamejaa wanawake, sare za khanga, vigelegele, na mie niko kazini naelekeza watu kama mwenye nyumba, wewe sogea, wewe inua kidevu. Bi Tatu nimeshamwamkia, "Shikamoo mama," ameniitikia marahaba na kunikonyeza. Mara akaingia Salma, binti yake, hajasalimia mtu, bahasha mkononi, akaja mpaka kwangu akanitolea karatasi.

"Anje, hii nini?"

Nikaiangalia, ni ile picha ya mama yake anacheka, imechapwa kwenye karatasi. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pananiamsha usingizini. Mtu mwenye akili angeanguka miguuni pa watu. Mie nikaishika ile karatasi, nikaipeleka kwenye mwanga, nikasema kwa sauti, uani kwa watu, "Jamani mbona wameiharibu hivi? Kivuli chote kimekufa. Na huku pembeni nani kaikata?"

Wanawake wakasogea kuiona. 

Salma akawasimulia wote, hakuficha kitu. Kaka yake Hamisi, mtoto wa kwanza wa Bi Tatu, alikuwa Maskati anauza duka. Siku ya mapumziko wamekaa wanne kwenye kompyuta moja, wote wa huku kwetu, wametamani nyumbani, mmoja akasema hebu tuandike "Mbagala" tuone kuna nini. Kikatoka kitu kimoja tu. Mbagala nzima, masoko yake, watu wake wote, kikatoka kitu kimoja: mama yake Hamisi, mabega nje, kichwa wazi, na jina lake chini limeandikwa sawasawa bila kosa. Na wale watatu wako nyuma yake wanaangalia. Akaichapa, akaituma nyumbani kwa posta.

"Kaka hajaenda kazini siku tatu," Salma akasema. "Kamuuliza mama kwenye simu, ulilipwa?"

Ile karatasi ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Mie nikaona nijitetee, na kujitetea kwenyewe ndiyo nikachimba zaidi, nikasema jamani ile iko Ulaya, huku haionekani, ni kwa ajili ya masomo, Madam mwenyewe kaisifu. Bibi mmoja akauliza, "Kwa hiyo na sie tupo huko?" Nikasema hapana, wallahi (mie Mkristo naapa wallahi!), ni hiyo moja tu. Hakuna aliyeniamini, na kwa nini waniamini? Mmoja akavuta khanga akajifunika kichwa. Wa pili naye. Wakajifunika safu nzima, kimya kimya, wananitazama, na kamera inaning'inia shingoni mwangu. Mpaka mwali alifunikwa.

Bi Tatu hakupiga kelele. Laiti angenitukana. Alisimama, akaichukua karatasi, akaikunja mara nne akaitia kifuani, akawaambia wale wanawake, siyo mie, "Nilisema mwanangu." Akatoka.

Jumatatu nilikuwa mjini tangu asubuhi. Nikamkuta Madam anafunga masanduku, mkataba wake umeisha. Nikamwomba aitoe. Hakunielewa kwanza, "But it is beautiful, Anjela," nikamwambia uzuri wake ndiyo umenipotezea kila kitu, akaahidi atamwandikia anayeuhudumia ule ukurasa huko kwao. Akaondoka. Mie nikawa naenda kafe ya intaneti kila Ijumaa, namwomba dada wa pale aniandikie "Mbagala", na kila Ijumaa Bi Tatu yupo pale pale anacheka. Wiki nane. Baadaye niliacha kwenda, maana hata yule dada alishaanza kusema, "Bibi yako huyu jamani anafurahisha."

Nikaona nifanye ninaloliweza. Nikachukua negativu, nikachukua na picha mbili nilizozisafisha, nikachukua mkasi, nikaenda kwa Bi Tatu. Nilimkuta kibarazani na Salma. Nikapiga magoti nikazikata mbele yao, vipande vidogo vidogo, nalia kama mtoto. Bi Tatu akaviangalia vile vipande, akamwambia Salma alete ufagio. Basi. Na ile karatasi ya Maskati aliitia jikoni chini ya sufuria, Salma ndiye aliniambia baadaye.

Lakini mtu aliyeharibikiwa kweli siyo mie. Watu waliacha kumwita. Si kwa ubaya, ila neno lilishazunguka kwamba kwa Bi Tatu kamera inaingia, na mama mwenye mwali hataki kubahatisha. Hamisi naye akamwambia akae nyumbani, yeye atamtunza. Mwanamke aliyefunda nusu ya wake za watu wa Mbagala akawa anakaa kibarazani kuchambua mchele, harusi zinapita na ngoma zake anazisikia. Nikipita namwamkia. Ataitikia, marahaba, hajawahi kuninyima, lakini jina langu hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini.

Mie nikabaki na picha za pasipoti. Kaa wima, tazama mbele, masikio yote mawili yaonekane, usicheke. Nimezipiga maelfu. Hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Bi Tatu alifariki mwaka juzi. Nilikwenda msibani, nikakaa mwisho wa mkeka karibu na viatu, pananifaa. Siku ya tatu Salma akaja akakaa pembeni yangu, mtu mzima sasa, na yeye kapata mvi. Akanong'ona, "Da Anje, ile picha unayo?"

Nikamwambia, "Ipi?" Nilikuwa najua ipi.

"Zote tulizonazo ni za vitambulisho. Kanuna kwenye zote. Wajukuu hawajui kama alikuwaga anacheka."

Nikamwambia niliikata Salma, ulikuwepo, ufagio uliuleta wewe. Akatikisa kichwa, akasema lakini si ilikuwa mtandaoni, na watu wanasema kitu kikishaingia huko hakitoki? Akatoa simu, pale pale mkekani, akaandika kwa kidole: Bi Tatu somo Mbagala. Yalitoka mambo mengi. Viwanja vinauzwa Mbagala, nyumba za kupanga Mbagala, mabinti wa watu wamejirekodi wenyewe wanasingwa, mabega nje, vigelegele, maelfu wameangalia. Tukashuka chini, tukashuka tena mpaka kidole kikachoka. Hayupo. Wiki nane zile nilizomwomba Mungu aiondoe haikuondoka, na siku mtoto wake anamtafuta imeshakwenda, wala sijui lini.

Tangu siku ya beseni mpaka leo sijampiga mtu picha akiwa hajajipanga, na sitampiga, na simu yangu hii haina picha ya mtu hata mmoja, kaulizeni wanangu wanavyonilalamikia.

Salma akaizima simu akaitia kwenye khanga.  Halafu akaniuliza, kama mtoto hivi, "Siku ile alikuwa anacheka nini?"

Nikamwambia, alikuwa ananicheka mie.