Maji Ndani ya Ndege ya Kanada

Usi Hija alikuwa mtia mafuta wa uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, tangu kabla ya Mapinduzi. Kila akimaliza kujaza, hujipinda chini ya tumbo la ndege, akafungua kizibo kidogo, akakinga mafuta kwenye chupa na kuyatazama juani.

Masika ya mwaka 1970 ililetwa ndege mpya ya propela mbili, iliyoundwa Kanada, pamoja na rubani Mkanada wa kuwafundisha wenyeji. Asubuhi moja mwishoni mwa masika hayo ilikuwa inakwenda Pemba. Abiria walishakaa, mama mmoja na kichanga chake, wafanyabiashara, na mbele kabisa bwana mkubwa mmoja wa serikali, ambaye jina lake hata wapagazi walilitaja kwa kunong'ona.

Usi akakinga chupa. Maji yalikaa chini, kiasi cha vidole viwili, mafuta yakaelea juu yake. Akamwaga, akakinga tena. Maji vilevile.

Akisema, watauliza nani kayatia, na mtia mafuta ni yeye. Siku zile watu walichukuliwa kwa madogo kuliko hayo. Akamfikiria mkewe Kidawa, mja mzito wa miezi minane. Propela ya kulia ikaanza kuzunguka.

Usi akakimbia mpaka mbele ya pua ya ndege, akapunga mikono yote miwili kama mwendawazimu.

Rubani akazima. Mlango ukafunguka, bwana mkubwa akateremka, uso umemwiva.

"Unajua unamchelewesha nani?"

"Najua, Mheshimiwa. Mafuta yana maji. Ikishapanda, injini zitazima."

"Na nani kayatia hayo mafuta?"

Usi alimnyooshea chupa. "Mimi."

Rubani naye aliteremka, akaichukua chupa, akaitikisa, akaiangalia kitambo. "Leo hapana kuruka," alisema kwa Kiswahili chake cha miezi mitatu. Bwana mkubwa akamkazia macho. Mkanada akarudia: "Hapana."

Walipolimwaga tangi, yalitoka maji ya kujaza ndoo. Kabla ya adhuhuri watu wawili walikuja kumchukua Usi.

Alikaa ndani siku nne. Swali lilikuwa lile lile, nani kakutuma, na jibu lake lile lile, hakuna. Siku ya nne Machano, mtunza bohari, alikwenda mwenyewe kituoni bila ya kuitwa. "Mapipa ya mafuta niliyaacha mvuani, vifuniko havijakazwa," alisema. "Mwachieni Usi."

Usi alifika nyumbani anayumba. Kidawa alimshika uso kwa mikono miwili.

"Wamekupiga?"

"Hawakunpiga. Wamenchosha tu."

Machano aliondolewa bohari, akapelekwa kupalilia mikarafuu Kidichi. Kila Ijumaa baada ya sala Usi alipanda baiskeli kwenda kumtazama, akampelekea tumbaku na samaki wa kukaanga. Walikaa barazani wakizungumza habari za watoto na za mvua, mpaka jua likapungua, Usi akaaga.